Nimesomea wanyamapori ila nimepata nafasi ya masta ya samaki Mtera, niende au nisubiri?

Binti_wa_Chemba

Habarini za humu wadau, wakubwa shikamooni. Naombeni ushauri wa kweli maana nyumbani kila mtu ana lake na muda unanibana.

Nimemaliza digrii ya kwanza ya usimamizi wa wanyamapori SUA, GPA 3.7. Kwa sasa nipo Dodoma mjini kwa dada yangu Nkuhungu, najitolea kwenye kikundi kidogo kinachofundisha wakulima kulinda mashamba na tembo bila kuwadhuru. Kwetu ni Chemba, upande wa Swaga Swaga kule, kwa hiyo mambo ya tembo sikuyajua darasani, nimekua nayaona, mtama na alizeti za mtu zinalazwa chini usiku mmoja halafu familia inakaa kusubiri kifuta jasho msimu mzima. Ndo maana nilichagua wanyamapori na nia yangu ni utafiti wa tembo na watu, masta halafu PhD Mungu akijalia.

Sasa mwalimu mmoja aliyenifundisha kanipigia, ana mradi wenye hela ya mwanafunzi mmoja wa masta, ada inalipwa, gharama za fildi zinalipwa na posho kidogo ya kila mwezi, ila mradi wenyewe ni wa SAMAKI. Bwawa la Mtera, perege na kambale, wanavuliwa wakiwa na ukubwa gani, wanazaliana lini, wavuvi wanapata kiasi gani. Anataka jibu mwisho wa mwezi huu. Samaki mimi nimesoma kozi moja tu.

Ninachouliza, nikiingia kwenye samaki nitaweza kurudi kwenye tembo baadae au ndo nitakuwa nimejifungia mlango? Na kuna tofauti gani ya maana kati ya masta ya darasani na ile ya utafiti? Baba anasema nisome chochote chenye hela, kaka anasema niachane na masta nisubiri ajira, na mimi moyo wangu uko kwa tembo. Naombeni mawazo hasa kwa waliopita njia hii.

Dom_Kwetu

Dada mi niko upande wa kaka yako. Masta sio ajira. Kama unataka kuingia TANAPA, TAWA, Ngorongoro au TFS zile ni taasisi za Jeshi la Uhifadhi na umri unaangaliwa, sasa ukae chuoni tena miaka miwili mitatu utoke na tasnifu ya samaki halafu ukaombe kazi ya wanyamapori, utawaeleza nini kwenye usaili? Nafasi zikitoka wanachukua digrii na stashahada, masta haikuongezei kitu pale mlangoni. Ingia kazini kwanza ndo usome ukiwa na mshahara, wengi nawajua wamefanya hivyo na ruhusa ya masomo wakapewa. Sikukatishi tamaa, naongea kwa kuwa nina wadogo zangu wana masta na wapo nyumbani Ipagala.

Mwanaikolojia_wa_Kati

Dom_Kwetu anachosema ni kweli kwa mtu anayetaka kazi ya ulinzi na usimamizi wa hifadhi, na dada kama hiyo ndo ndoto yako msikilize kabisa. Ila wewe umesema utafiti. Utafiti ni fani nyingine, ina mlango wake, na mlango wake ni masta ya utafiti, hakuna njia ya mkato hapo. TAWIRI ya utafiti wa wanyamapori, TAFIRI ya utafiti wa samaki, vyuo vikuu, miradi ya mashirika, wote wanataka kuona kama unaweza kuuliza swali, kukusanya data kwa utaratibu, kuichambua na kuiandika mpaka mtu mwingine akaielewa. Masta ya darasani inakupa kozi nyingi na kaandiko kadogo mwishoni, inamfaa mtu aliye kazini anayetaka kupanda cheo. Ya utafiti inakukalisha fildi. Kwa PhD wengi wa wasimamizi wanataka uwe umefanya tasnifu yenye data yako mwenyewe na ikiwezekana makala moja kwenye jarida.

Mimi niko mwaka wa tatu wa PhD, nafanyia simba na mifugo, masta yangu ilikuwa ya ndege wa majini. Hakuna aliyewahi kuniuliza mbona ulianza na ndege. Wanaouliza wanauliza unajua kutumia R, ile programu ya takwimu? unajua QGIS ya ramani? umewahi kupanga sampuli wewe mwenyewe au ulipewa fomu ukajaza?

Nikupe mfano ili uone samaki na tembo wako karibu kiasi gani. Kuhesabu samaki waliomo ndani ya maji huwezi kuwaona, sasa unafanyaje, unakamata perege 100 kwenye bwawa dogo unawatia alama unawarudisha, unaacha siku kadhaa wajichanganye, unarudi unakamata 80 unakuta 20 wana alama. Yaani robo ya uliowakamata wana alama, basi wale 100 wako wa mwanzo nao ni kama robo ya wote, bwawa lina samaki kama 400. Hesabu ya darasa la saba kabisa. Ugumu uko kwenye masharti yake, alama zisidondoke, samaki wasiingie wala kutoka katikati, mwenye alama asiwe mwoga wa wavu kuliko mwenzie, na hayo masharti ndo yanayokula usingizi wa mtafiti maana bwawani hayatimii yote kwa hiyo inabidi ujue namna ya kurekebisha. Sasa tembo nao wanahesabiwa hivyo hivyo, badala ya kumtia alama unapiga picha masikio yake, ile mikato na matundu ya sikio kila tembo ana yake, unarudi unapiga tena unaona wangapi unawafahamu. Chui kwenye kamera za mtego, madoa yake ndo alama. Ile hesabu iliyoshtua nchi, kwamba tembo wa Tanzania wameshuka kutoka zaidi ya laki moja mwaka 2009 hadi kama elfu 43 mwaka 2014, haikutoka kwa mtu aliyewaona tembo wote, ilitoka kwenye ndege zinazopita kwenye mistari na watu wanaojua kukadiria wale ambao macho hayakuwaona. Ukijifunza hilo kwa perege umejifunza kwa tembo pia.

Kwa hiyo mimi nisingeangalia jina la mnyama, ningemwangalia msimamizi. Waulize wanafunzi wake waliomaliza, walimaliza kwa muda gani, aliwasomea rasimu zao au zilikaa kwenye imeili yake miezi, makala ikitoka jina la kwanza linakuwa la nani, data ni ya nani mradi ukiisha. Na ile hela umwombe akuonyeshe kwenye maandishi, ada ni miaka mingapi, fildi ni kiasi gani, posho inatoka wapi na mradi ukichelewa nani analipa ada ya mwaka wa ziada. Haya sio utovu wa adabu kuuliza, msimamizi mzuri atafurahi umeuliza. Nimeona watu wazuri wenye akili kabisa wanakwama mwaka mzima kwa sababu hela ilikuwa ya mdomo.

MzeeWaMwalo

Marahaba binti yangu. Mimi nimekuwa afisa uvuvi wa wilaya miaka mingi, nilisoma chuo cha uvuvi Nyegezi enzi zile kabla hakijawa FETA, sasa nimestaafu niko Mpwapwa nalima. Nimesoma swali lako nikaona nisinyamaze maana Mtera naijua.

Watu wanaona samaki ni kitu kidogo ukilinganisha na tembo. Lakini nikuambie, kwenye mabwawa yetu ya huku kati, Mtera, Hombolo, ziwa Sulunga kule Bahi, watu wanaofanya utafiti ni wachache mno ukilinganisha na Ziwa Victoria. Victoria kila mwaka kuna mtu anapima kitu. Huku afisa anaamua afunge uvuvi au asifunge kwa kutazama kapu la mama muuza samaki na kusikiliza kelele za wavuvi, kwa sababu takwimu alizonazo ni kilo tu. Na kilo peke yake inadanganya. Mvuvi akipata kilo 60 kwa nyavu 10 mwaka huu na mwaka wa tano akapata kilo 60 zile zile kwa nyavu 30, kwenye ripoti inaandikwa mavuno hayajashuka, wakati ukigawanya kwa kila wavu kila mmoja sasa unaleta theluthi. Nimeandika ripoti za namna hiyo kwa sababu fomu ilikuwa inataka kilo tu, na nilikuwa natamani aje mtu mmoja aliyesoma akae mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, mwaka mzima ahesabu nyavu, ahesabu saa, apime urefu wa samaki mmoja mmoja.

Kingine, Mtera ni bwawa la umeme. Lilijengwa miaka ya sabini mwishoni likakamilika 1980, kazi yake kubwa ni kutunza maji ya mtambo wa Kidatu wa megawati 204, baadae na Mtera penyewe pakawekwa mitambo ya megawati 80. Kwa hiyo maji yanapanda na kushuka kwa mahitaji ya umeme na kwa mvua, samaki hawaulizwi. Sasa perege dume anachimba kiota chini kwenye maji mafupi pembeni, jike anataga pale halafu anayabeba mayai mdomoni. Maji yakishuka haraka wakati wa kuchimba viota, viota vinabaki nchi kavu. Nimeviona kwa macho yangu vile vishimo vya duara kwenye tope lililokauka, vingi mno. Je, ni miezi gani inaumiza zaidi? Maji yakishuka kwa kasi gani ndo hasara inakuwa kubwa? Hakuna aliyewahi kuniletea jibu ofisini, na hilo swali linaweza kuwa tasnifu yako na likamsaidia kila afisa atakayekuja baada yangu. Perege akivuliwa sana pia anaanza kukomaa akiwa mdogo, unakuta samaki wa kiganja ana mayai, ukimwona unaweza kusema huyu ni mtoto kumbe ni mama mzima. Bila kumpasua hujui.

Usidharau samaki, mwanangu. Watu wa Dodoma wanaokula nyama mara moja kwa mwezi, perege wa Mtera na kambale wa Bahi ndo wanawatoa.

Mgogo_Ughaibuni

Mbukwenyi wose. Nawasoma nikiwa mbali, nimefanya masta Marekani kwenye chuo chenye kituo cha ushirika cha utafiti wa samaki na wanyamapori, niwape picha ya kule maana dada anaweza kuihitaji kwa PhD.

Hivi vituo kule wanavyo tangu 1935, wazo lilianzia Iowa miaka ya thelathini mwanzoni na mtu aliyelipigania sana ni Ding Darling, mchoraji wa katuni wa magazeti aliyekuja kuongoza idara ya serikali ya wanyama. Tatizo lao lilikuwa kama letu, wanyama wanaisha, ukame, bata wanapungua, na hakuna wataalam waliofundishwa kusimamia. Wakaanza na vyuo tisa. Mwaka 1960 bunge lao likapitisha sheria ya kuvipa nguvu na leo vipo zaidi ya 40. Muundo wake ndo ulionivutia, mwanasayansi ni mwajiriwa wa serikali kuu lakini ofisi yake iko ndani ya chuo kikuu, anasimamia wanafunzi wa masta na PhD, na idara ya wanyamapori ya jimbo inakaa meza moja nao inaleta maswali yake. Kwa mfano idara inataka kujua samaki fulani mtoni ipunguze idadi anayoruhusiwa kuvua mtu kwa siku au iache, mwanafunzi anapewa hilo swali, analipiwa ada na posho, anakaa nalo miaka miwili mitatu, tasnifu ikiisha kuna ofisi inaisubiri. Na kumbuka vinaitwa vya samaki NA wanyamapori, kwa pamoja, mwenye samaki na mwenye dubu wanasoma takwimu darasa moja.

Kitu cha pili, kule kwenye fani hii huombi chuo kwanza. Unatafuta msimamizi mwenye mradi wenye hela, unamwandikia, mkikubaliana ndo unajaza fomu za chuo. Matangazo yanawekwa wazi, bodi ya kazi ya chuo cha Texas A&M ya wanyamapori na uvuvi ni maarufu sana, kila anayetafuta anapita pale, soma tangazo vizuri maana lingine lina masharti ya uraia. Masomo mengi yanaanza Agosti na maombi yanafungwa Desemba au Januari. Ukimwandikia profesa usimtumie barua ndefu ya kusifu chuo chake, mwambie umefanya nini kwa mkono wako, nimeweka nyavu za ukubwa huu, nimepima samaki hawa, nimechambua kwa R kwa njia hii, nimepata hiki. Aya mbili zinatosha. Sasa dada jiulize, leo ukimwandikia utamwambia nini? Baada ya Mtera utamwambia nini?

Na swali moja la kumuuliza huyo mwalimu wako ambalo naona hajalitaja mtu humu, muulize nani atakayetumia majibu. Wizara ya Mifugo na Uvuvi ipo hapo hapo Mtumba. Je, kuna mtu wa idara ya uvuvi anajua mradi huu upo? Halmashauri zinajua? Kama hawajui, pendekeza mkaongee nao kabla hamjaandika maswali, sio baada ya kumaliza.

Dom_Kwetu

Mgogo hapo nimekuelewa. Basi nibadilishe kidogo, dada kama ada na fildi vimeandikwa kwenye mkataba chukua, kama ni maneno ya simu tu usiache unachofanya sasa. Na endelea kuangalia matangazo ya ajira ukiwa chuoni, moja halizuii jingine.

Binti_wa_Chemba

Jamani ahsanteni sana, Mzee shikamoo tena, nimesoma ulichoandika nikamsomea na dada. Hilo la viota sijawahi kulisikia popote.

Nina maswali matatu tu. La kwanza vibali, maana nikiwa SUA tulienda fildi kwa barua ya chuo na kila kitu kilipangwa na walimu, sijui mtu akiwa peke yake anaanzia wapi. La pili, mimi ni msichana na mwaloni sijawahi kukaa, naambiwa wavuvi hawapendi kuhojiwa. La tatu bado lile la tembo, nisilifiche, naogopa miaka miwili ya samaki itanipoza.

Mama_Perege_Migoli

Mwanangu karibu. Mimi nanunua samaki hapa Mtera upande wa Migoli nawapeleka Iringa na Dodoma, sikusoma sana ila watafiti nimewaona wanakuja.

Wavuvi hawachukii maswali, wanachukia mtu anayeshuka kwenye gari na karatasi saa nne jua limeshapanda anaanza kuuliza unatumia nyavu ya inchi ngapi. Hilo swali ni la doria. Atakudanganya au ataondoka. We njoo alfajiri mitumbwi inapoingia, kabla ya yote pita kwa mwenyekiti wa BMU, kile kikundi cha wavuvi cha kulinda rasilimali za uvuvi, umsalimie ujitambulishe na barua yako, halafu kaa siku za mwanzo bila kuandika chochote, nunua samaki, salimiana, wakujue ni mtoto wa nani. Wanawake hapa mwaloni tupo wengi, wachuuzi, wakaangaji, mama lishe, kaa na sisi hutapata shida, na sisi ndo tunajua bei na ukubwa wa samaki kuliko wavuvi wenyewe kwa sababu kila siku tunawashika.

Kitu kimoja niwaambie nyie mnaopasua samaki kuangalia mayai. Samaki akipasuliwa na kukaa juani bei inashuka. Mwingine alikuja anapima anapasua anarudisha samaki anasema ahsante, wenzangu wakapata hasara na wakasema hatumtaki tena. Samaki unaotaka kuwapasua uwanunue, weka hiyo hela kwenye bajeti yako toka mwanzo. Wale wa kupima urefu na uzito tu pima haraka uwarudishe kwenye barafu. Ukifanya hivyo hata mimi nakuandikia hesabu zangu za kila siku bure, daftari ninalo.

Mwanaikolojia_wa_Kati

Mama Perege Mungu akubariki. Dada, daftari la mama huyu lina thamani kubwa sana kwako, mfuate.

Vibali sasa. Ukiwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha hapa nchini barua ya utafiti inatoka kwa makamu mkuu wa chuo, vyuo vina mamlaka ya kutoa kibali kwa wanafunzi na wafanyakazi wao kwa utafiti wa kawaida. Ile barua inaenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, yeye anaandika kwenda wilayani na halmashauri, halmashauri inaandika kwa watendaji wa kata na vijiji. Sasa sikiliza hapa, Mtera iko mikoa miwili. Upande mmoja Dodoma, upande mwingine Iringa. Ukiwa na barua za Dodoma tu utavuka daraja utaonekana huna kibali, kwa hiyo mwambie mwalimu barua zitoke mbili kwa pamoja. Na bwawa lenyewe ni la TANESCO, maji yako chini ya Bodi ya Maji Bonde la Rufiji ambayo ofisi yake kuu ni Iringa, hao ndo wana vipimo vya kina cha maji utakavyovihitaji kwa lile swali la Mzee la viota, waandikie mapema kuomba takwimu kwa sababu bila kina cha maji cha kila siku huwezi kulijibu. Siku ukigeukia wanyamapori kuna hatua ya TAWIRI, na ukiingia pori la akiba kama Swaga Swaga kuna TAWA, hizo zina muda wake, utajifunza.

Usalama wa majini usilione dogo, mwambie mwalimu makoti ya kuokolea maisha yawe kwenye bajeti, yako na ya mwenye mtumbwi, na msitoke upepo wa mchana ukianza. Kuna mamba na viboko mle.

La tembo. Fuata maji ya Mtera kurudi nyuma uone yanatoka wapi. Ni Ruaha Mkuu, unatoka bonde la Usangu unapita Ihefu, unapita katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, ndo unaingia Mtera. Tangu 1993 ule mto unakauka kiangazi ndani ya hifadhi, kabla ya hapo ulikuwa unatiririka mwaka mzima. Unakauka kwa sababu ya matumizi ya maji kule juu kiangazi, viboko wanabanana kwenye madimbwi, samaki wanakufa humo, tembo wanachimba mchanga kutafuta maji. Maji yale yale yakifika kwako Mtera ndo yanaamua viota vya perege vitakuwa majini au juani. Sasa mtu mwenye masta ya samaki wa Mtera anayejua maji yakoje mwezi kwa mwezi, akiandika andiko la PhD kuhusu tembo na watu na maji kwenye bonde la Ruaha, nani atamwambia wewe ni mtu wa samaki huwezi? Mimi ningekuwa msimamizi ningekuchukua kabla ya yule aliyesoma tembo peke yake.

Na kule Chemba endelea kwenda na kikundi chako wikiendi unapoweza. Andika kila tukio, tarehe, zao, ukubwa wa shamba lililoliwa, umbali toka mpakani mwa pori. Tumia fomu moja usiibadilishe badilishe. Ukimaliza masta utakuwa na misimu miwili ya data ya kwenu.

MzeeWaMwalo

Naongeza dogo kwenye vibali. Ukifika halmashauri usiishie masjala, panda kwa afisa uvuvi mwenyewe ukaongee nae, ana orodha ya mialo na wavuvi wenye leseni ambayo ndo utapangia sampuli yako. Usichukue mialo ya barabarani tu kwa sababu ni rahisi kufika, samaki wa barabarani ni wa wateja wa mabasi, wakubwa wanachaguliwa. Nenda na ile ya ndani.

Binti_wa_Chemba

Nimeamua. Nimemwandikia mwalimu leo kwamba nakubali ila naomba vitu vinne kwa maandishi, ada na fildi mpaka nimalize, hela ya kununua samaki wa kupasua na makoti ya kuokolea, barua za mikoa yote miwili, na kikao na watu wa uvuvi Mtumba na halmashauri kabla ya kuandika andiko. Na nimemwomba swali la viota na kina cha maji liingie kama lengo mojawapo, nimemwambia limetoka kwa afisa uvuvi mstaafu.

Mzee naomba ruhusa yako kwa hilo. Na Mama Perege ntakutafuta nikifika Migoli.

Amejibu jioni hii, amekubali yote, la viota amesema linamvutia kuliko hata lile alilokuwa nalo. Anauliza nianze kukusanya data mwezi gani.

MzeeWaMwalo

Ruhusa unayo binti yangu, na mimi nikiwa na nguvu nitakuja kukuonyesha mahali vinapokuwa.

Mwambie muanze Oktoba au Novemba, maji yakiwa chini kabisa kabla mvua za Desemba hazijaanza, mpime vishimo vyote vilivyo juu ya maji wakati vinaonekana, msikose hapo maana mvua ikishanyesha vinafutika na mtasubiri mwaka mzima. Halafu mpime kila mwezi mpaka Novemba ya mwaka unaofuata, mwezi wowote msiuruke hata wa pasaka.